Maswali ya Bahari: Joto la Maji, Ndege, na Ile Treni ya Usiku

Meseji za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wanapanga safari za kuzamia na mitungi na wanataka kujua maji yatakuwa ya joto lini na ndege ikae wapi kwenye ratiba. Nimechagua chache na nimezifupisha. Naomba usiruke la mtu mwingine ukasoma lako pekee, manake majibu yanashikana.

"Treni si ndege, sa shida iko wapi?"

*Mwalimu salama? Mie kijana wa Majengo, Mombasa, lakini kazi iko Nairobi. Mwaka huu nimepata cheti cha kuzamia, na nikishuka nyumbani wikendi napenda kupiga mbizi mbili Jumapili asubuhi, moja pale Dania, halafu usiku napanda treni narudi kazini. Najua hairuhusiwi kupanda ndege ukitoka kuzamia lakini mie sipandi ndege. Niko sawa? (Msomaji, Majengo na Nairobi)*

Salama kaka. Hauko sawa, na bora umeuliza, wenzako wengi hawaulizi, wanapanda tu.

Ndege haina kosa lolote. Kinachodhuru ni kwenda juu kabla mwili haujatoa naitrojeni, ile gesi iliojaa kwenye hewa tunayovuta. Ukiwa Dania, ile meli ya kubebea mifugo iliozamishwa kusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, ukifika mchangani uko karibu mita 30 na hewa unayovuta hapo imebanwa mara nne ya hii tunayovuta barazani. Naitrojeni yake inaingia kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye viungo, inakaa. Ukipanda pole pole na ukasimama mita 5 kwa dakika 3 kama ulivofunzwa, sehemu kubwa ya hatari inaondoka, lakini naitrojeni yenyewe haijaisha, inaendelea kutoka kwa pumzi masaa mengi baadaye wakati wewe uko zako unakula viazi karai. Sasa katikati ya hayo masaa ukijipeleka mahali hewa ni nyepesi, ile iliobaki inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya mwili, na mapovu yakikaa kwenye goti ni maumivu, yakikaa kwenye uti wa mgongo mtu anaweza kupooza.

Na Nairobi hewa ni nyepesi. Kabini ya ndege kubwa haibanwi hewa mpaka ikawa kama ya pwani, mara nyingi ni kama umekaa mlimani mita 1,800 mpaka 2,400. Nairobi iko karibu mita 1,700, Limuru ni 2,200 na kitu, huko ndo sawasawa na kabini. Ukitaka kuona kwa macho, siku ukishuka nyumbani kunywa maji umalize, funga chupa tupu ya plastiki hapo stesheni ya Syokimau uiweke kwa begi, ukifika stesheni ya Miritini utaikuta imebonyea yenyewe hakuna alioigusa. Hiyo ndo tofauti ya hewa ya huko na ya kwetu, na wewe Jumapili usiku unaivuka kwa kurudi juu, na damu yako bado ina naitrojeni ya Dania.

Wanaofuatilia mambo haya, Divers Alert Network, mwongozo wao uko wazi: mbizi moja ya kawaida ngoja masaa 12 kwa uchache, mbizi zaidi ya moja au siku kadhaa mfululizo ngoja 18, na zile mbizi zenye vituo vya lazima wakati wa kupanda ni zaidi sana ya 18, mie nasema 24 na sibishani na mtu. Hesabu hiyo inaanzia mwinuko wa kama mita 600, na kwa njia yetu mita 600 ni hapo Voi. Kwa hivo hata basi, hata gari ya ami yako, yote sawa tu, ukishapita Voi ndo kama uko angani.

Piga hesabu na mie. Umetoka majini Jumapili saa sita mchana, mbizi mbili, ukiongeza masaa 18 unaangukia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Treni ya usiku imeshapita Voi zamani na imeshafika Nairobi. Geuza ratiba: shuka Ijumaa, zamia Jumamosi, ukitoka majini Jumamosi saa tisa alasiri basi masaa 18 yanatimia Jumapili saa tatu asubuhi na treni ya jioni ama ya usiku unapanda bila wasiwasi. Jumapili yenyewe nenda kaogelee na wadogo zako pale ufuo wa Jomo Kenyatta, juu juu bila mtungi, ama lala nyumbani ule biriani ya mama.

Jambo moja dogo ambalo linawaponyoka wengi, kompyuta ya kuzamia ukimaliza huonyesha kialama cha ndege na masaa yaliobaki kabla hujaruhusiwa kupanda juu. Lakini wewe ulikodi, umeirudisha, kialama kimebaki dukani. Kabla hujairudisha piga picha ile skrini na simu yako, uandike na saa uliotoka majini.

"Nasikia baridi haraka, niende mwezi gani?"

*Assalaam aleykum mwalimu. Mie mama wa watoto watatu, Mji wa Kale, nimezaliwa bahari naiona dirishani lakini chini yake sijawahi kuingia. Nasikia baridi sana, hata mvua ya Juni ikinipiga natetemeka. Nataka kujifunza, ni mwezi gani maji yana joto? Na nguo je, sitaki kuvaa kitu cha kubana mbele za watu. (Bi mmoja, Mji wa Kale)*

Waaleykum salaam bibie, karibu sana baharini, na hilo la baridi si la kuonea haya hata kidogo. Maji yananyonya joto la mwili karibu mara 25 kushinda hewa, kwa hivo maji ya nyuzi 27 ambayo mkononi unayaona ya moto, ukikaa ndani dakika 50 bila kujichosha utaanza kusikia kijibaridi, na mtu mwembamba ataanza mapema zaidi.

Kwetu hapa bahari inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba ama Disemba mpaka Machi, maji yanapanda joto kidogo kidogo na kilele ni Machi na Aprili, nyuzi 29 hata 30. Kusi ikishika maji yanapoa, Julai mpaka Septemba ni 25, siku zingine 24. Ukisikia mtu anakwambia bahari ya Mombasa ni ya joto mwaka mzima mwambie ndio, lakini nyuzi tano ni nyingi kwa mtu aliyelowa.

Usichague mwezi kwa joto peke yake lakini. Aprili maji yana joto kweli na ndo masika inaingia, mito inamwaga tope, huko Malindi Sabaki inapaka bahari rangi ya chai ya maziwa maili nyingi, na Mei na Juni kusi inachafua kila kitu, vituo vingine vya kuzamia hufunga kabisa. Halafu joto likipita kiasi matumbawe yanaugua, yanapauka yakawa meupe, tuliona 1998 na ilikuwa msiba hasa kwa miamba yetu, ikaja 2016, ikaja tena 2024. Mimi nikiona maji yamekaa nyuzi 30 na zaidi wiki kadhaa sifurahii joto hilo, nalionea huruma.

Kwako wewe nasema Februari ama mwanzo wa Machi, maji kama 28 mpaka 29, na ukikosa hapo basi Novemba wakati wa maleleji, pepo zikibadilika, kabla kaskazi haijakaza. Na ndani ya mwezi angalia mwezi wa angani pia, bamvua, yani siku za kujaa na kupwa sana, maji yanakwenda kwa nguvu na yanainua mchanga, mwanafunzi mpya bora aanze siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nahodha yeyote wa hapo bandari ya zamani atakwambia ni siku gani.

Nguo sasa, hapo ndo una bahati, manake anaesikia baridi anavaa kingi na anaetaka kujisitiri anavaa kingi. Chukua suti ndefu ya milimita 3 ya mikono na miguu, Agosti ingekuwa 5, na kofia yake ya kichwani inayoziba nywele, masikio na shingo, ni joto na ni stara kwa pamoja. Juu ya suti vaa fulana ndefu ya kuogelea inayofika mapajani, lakini isiwe pana ya kupepea, ikikwama kwenye mapezi ama kwenye mrija wa hewa ni hatari. Omba mwalimu wa kike na uombe darasa la kwanza liwe upande wa ndani wa mwamba, karibu na ufuo, ambako maji ni kimo cha kifua. Na usiache hii: beba leso mbili kavu kwenye mfuko wa plastiki na thamosi ya chai ya tangawizi. Baridi yenyewe wala haiko majini, iko kwenye boti wakati wa kurudi, suti imelowa na upepo unakupiga, hapo ndo meno yanagongana. Vua suti mpaka kiunoni ukiwa umejifunika, jikaushe, jifunge leso.

Si starehe tu pia. Mwili ukipoa damu inakimbia ngozi na mikono inarudi ndani, na sehemu hizo zilizopoa zinachelewa kutoa naitrojeni ya ile mbizi. Kwa hivo mtu aliyetetemeka mwisho wa mbizi, hasa kama alikuwa na joto zuri mwanzoni, huyo asishike masaa ya uchache akaona yametosha kabla hajapanda ndege wala treni, aongeze. Ukisikia baridi piga ishara, mbizi imekwisha, hakuna anaekudai.

"Mafia na Pemba kwa mpigo mmoja"

*Mwalimu tuko wanne, marafiki wa Tudor, wote tuna vyeti vya mita 18 na mmoja wa mita 30. Tumeweka pesa mwaka mzima, tunataka Mafia tuone papa potwe halafu Pemba. Siku kumi. Tunapangaje na zile ndege ndogo? (Wanne wa Tudor)*

Hongereni kwa kuweka pesa, safari nzuri hiyo. Kwanza mjue kitu kimoja kitakachowapangia nusu ya ratiba: potwe wa Mafia hawaonwi kwa mtungi. Wanakuja juu kula vijidudu karibu na Kilindoni, msimu wao mzuri ni kama Oktoba mpaka Februari, na watu wanaingia na maski na mrija na mapezi basi, wanaogelea pembeni yake. Naitrojeni hamuongezi. Kwa hivo potwe wekeni siku ya mwisho kabla ya ndege, na mbizi za mitungi wekeni mwanzo, kwenye ghuba ya Chole na nje ya mlango wake. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakimbilia potwe siku ya kwanza kwa hamu, halafu siku ya mwisho wanabaki na mitungi wanaitazama saa. Ila siku hiyo ya potwe msianze mashindano ya kujizamisha kwa pumzi mita kumi na tano, mwili bado una kazi ya juzi, kaeni juu juu.

Hizi ndege ndogo za kwenda Mafia kabini haibanwi hewa hata kidogo, juu mlipo ndo hewa mnayovuta. Rubani anaweza kwenda chini chini siku nzuri na siku ya mawingu akapanda, nyinyi hamna usemi. Hesabuni kama ndege yoyote, na kwa siku za mbizi mfululizo wekeni masaa 24, manake ndege hizi saa zake hubadilishwa, unaambiwa mchana kumbe imesogezwa asubuhi, na ukiwa umekaba masaa 18 juu ya alama ratiba imeharibika. Mizigo mara nyingi ni kilo 15 na wanataka begi laini. Regyuleta (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), maski na kompyuta beba mkononi, tochi yenye betri ya lithiamu mkononi pia, kisu kiende kwenye begi la chini, mitungi na vyuma vya uzito utavikuta huko.

Kutoka Unguja kwenda Pemba na kurudi mie ningechukua boti. Boti iko usawa wa bahari, haikupandishi popote, umetoka majini asubuhi Pemba unaweza kusafiri mchana kwenda Unguja na mwili hauna habari. Yani siku nzima mnaiokoa. Lakini Pemba yenyewe niwaambie ukweli, upande wa magharibi kuta zinashuka kwenye mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800, maji ya buluu kabisa, unaning'inia pembeni ya ukuta chini huoni mwisho, na mikondo ina nguvu. Wenye cheti cha mita 18 mtakaa mita 18, ukuta mzuri hata hapo juu, kisiwa cha Misali kuna matumbawe na chewa wakubwa hata kwa mita 12. Mwambieni kiongozi wa mbizi mapema idadi ya mbizi mlizonazo, za kweli. Suti milimita 3 inatosha, maji yatakuwa 27 mpaka 29.

Pasipoti na cheti cha homa ya manjano msiache nyumbani. Na kabla hata ya Mafia, hebu pigeni mbizi mbili tatu Kisite, Shimoni mnafika kwa gari, chini ya masaa matatu mko majini na ndege haipo kwenye hesabu. Mtu akitoka miezi sita kavu akaenda moja kwa moja Pemba anatumia siku mbili za pesa nyingi kujikumbusha kufungua vali.

Mafupi mafupi

*Mume wangu kaniahidi fungate Mauritius mwezi wa Agosti, tuzamie.* Hongera bibi harusi. Agosti huko ni baridi yao, bahari ni 22 mpaka 23, beba suti ya milimita 5 na kofia. Ukitaka joto mwezi huo Maldivi ni 28 na zaidi, Shelisheli iko katikati, 25 ama 26. Popote mtakapokwenda siku ya mwisho iwe ya nchi kavu.

*Ramadhani naweza kuzamia nikiwa nimefunga?* La dini kamuulize shekhe wako. La mwili nalijibu mie: kiu na jua la boti vinakausha damu, na mtu aliekauka yuko karibu zaidi na ugonjwa wa mapovu. Ngoja Iddi.

"Mwanangu alitoka majini akaenda mazikoni"

*Mwalimu, mie mzee wa Likoni. Kijana wangu anafanya kazi kwenye boti ya kuzamia. Alikuwa ameshuka na wageni siku mbili mfululizo, siku ya pili katoka majini saa tisa alasiri, jioni tukapigiwa simu babu yake wa upande wa mama amefariki Wundanyi, mazishi kesho saa saba. Akaondoka usiku ule ule. Alfajiri bega likamuuma vibaya, akakandwa na mafuta. Tajiri wake kwa simu alimwambia ni uchovu wa mitungi. Sasa bega limepoa, lakini mie sijatulia. (Mzee, Likoni)*

Pole sana kwa msiba mzee wangu, na una haki kutotulia. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300, na maumivu ya kiungo yaliokuja masaa machache baada ya kupanda huko, baada ya siku mbili za mbizi, sio kitu cha kuita uchovu bila daktari kuangalia. Mafuta ya kukanda hayagusi mapovu. Na kupoa kwa maumivu si ushahidi kwamba yameondoka yote, kwa hivo wiki hii aende hospitali, amwambie daktari wazi "nilikuwa nazamia, nilipanda mlima", ataje saa alizotoka majini, na asirudi majini mpaka daktari amruhusu.

Kufika mazikoni angeweza. Saa tisa alasiri ukiongeza masaa 18 ni saa tatu asubuhi, angetoka baada ya sala ya alfajiri, Voi angepita saa tatu hivi, na kabla ya adhuhuri yuko Wundanyi. Hayo ni masaa ya uchache. Kwa mtu aliyezamia siku mfululizo mie ningemwambia akae 24, azungumze na wajomba zake, afike hitimani, nao wataelewa wakielezwa ni jambo la uhai. Wanaofanya kazi kwenye boti wanahitaji familia zijue hili kabla ya simu ya msiba, manake simu ikishalia hakuna anaepiga hesabu.

Na kama siku nyingine yeyote wenu ataona dalili akiwa juu, maumivu ya kiungo, ganzi, mwasho wa ngozi wenye madoa, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, miguu kulegea: alale, apewe oksijeni safi kama ipo, anywe maji akiwa na fahamu, ateremshwe chini kwa gari kurudi pwani, asipandishwe Nairobi kwa ndege kwa kuwa eti hospitali ni kubwa, na asirudishwe majini ati yatabanwa tena. Tiba yake ni chemba ya kubana hewa. Kijana wako amuulize tajiri wake kabla ya mbizi ijayo chemba iliyo karibu iko wapi, nambari ya simu ni ipi, oksijeni ya boti imejaa ama haina kitu, na bima ya mzamiaji analipa nani.